Kuzunguka miguuni pa Meru na Kilimanjaro ukitazama ndege: mwongozo wa siku nne kwa gari

Wageni wengi wa Arusha na Moshi huitazama milima kwa mbali, hupiga picha ya theluji alfajiri, kisha huondoka kwenda Serengeti. Miteremko ya chini, ambako watu wanalima, wanachunga na kuishi, wanaipita kwa mwendo wa gari. Safari hii ni ya kuizunguka hiyo miteremko polepole, darubini ikiwa shingoni.

Kabla ya kupanga chochote, elewa jambo moja: hapa mvua ndiyo inayowagawa ndege. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi huacha unyevu wake upande wa kusini na mashariki wa milima hii miwili. Upande wa kaskazini hubaki mkavu. Ndiyo maana kwa saa moja ya gari unaweza kutoka kwenye mbuga ya majani mafupi ambako hakuna hata mti wa kumkinga mchungaji jua, ukaingia kwenye msitu unaodondosha matone mchana kutwa. Ndege wa huku humkuti kule. Kwa hiyo njia niliyoichora hapa inaanzia pakavu, inapanda kwenye unyevu, na mwisho inashuka bondeni kwenye maji.

Hatua ya kwanza: chagua msimu

Masika, kati ya Machi na Mei, barabara za udongo huwa na utelezi mkali, na za udongo mweusi huwa hazipitiki kabisa kwa gari dogo. Juni hadi Agosti barabara ni nzuri, lakini mawingu hukaa juu ya miteremko ya kusini siku nzima, na unaweza kulala Moshi siku tatu usikione Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hata mara moja. Mimi ningekushauri mwishoni mwa Januari na Februari. Vuli imeshapita, asubuhi milima iko wazi, na ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia, wanaofika kuanzia Oktoba na Novemba, bado hawajaanza kurudi kwao. Ukikosa miezi hiyo, Septemba na Oktoba pia panafaa.

Hatua ya pili: vifaa na gari

Darubini ndiyo kifaa cha kwanza. Tafuta iliyoandikwa 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Wauzaji watakusifia ya 10 au 12, lakini ukuzaji mkubwa hutikisika mkononi na huonyesha eneo dogo, na msituni ndege hukaa sekunde chache tu kwenye tawi. Kioo cha milimita 42 huingiza mwanga wa kutosha chini ya miti, mahali ambapo darubini ndogo za mfukoni huonyesha vivuli.

Chukua daftari na penseli. Wino hutapakaa kwenye ukungu. Kwenye simu weka programu ya Merlin, ya kukusaidia kumtambua ndege, na ile ya eBird, ya kuandikia ulichokiona, na upakue orodha ya ndege wa Tanzania ukiwa bado mjini, kwa sababu mtandao hukatika ukifika mbugani. Vaa kijani kilichofifia au kahawia. Nguo za mabaka ya kijeshi acha kabisa, sheria ya nchi hairuhusu raia kuzivaa. Mifuko ya plastiki pia ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo chakula kifunge kwenye vyombo au mifuko ya kitambaa. Beba maji ya kunywa ya kutosha: maji ya asili ya kuzunguka Meru yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, si ya kujazia chupa popote unapoyakuta.

Kwa gari, lolote lililoinuka kidogo kama RAV4 linatosha wakati wa kiangazi. Hakikisha kizima moto na pembetatu za tahadhari zimo, maana utasimama pembeni ya barabara mara nyingi, na trafiki huviulizia. Barabara kuu ya Arusha hadi Moshi ina kilomita kama 80, na vibao vya 50 viko kila palipo na makazi. Vifuate, kwa sababu tochi za trafiki za kupima mwendo haziko mbali. Anayeendesha asitazame ndege. Akiona kitu, asimamishe gari nje kabisa ya lami kwanza, kisha ndipo ashike darubini. Bodaboda hupita upande wowote, hasa maeneo ya Tengeru, Usa River na Boma Ng'ombe.

Hatua ya tatu, siku ya kwanza: upande mkavu wa Meru

Ondoka Arusha kabla jua halijachomoza, shika barabara ya Namanga, pita Ngaramtoni, panda hadi Oldonyo Sambu kisha shuka kuelekea Engikaret. Angalia mandhari inavyobadilika kwenye dirisha: mahindi na kahawa vinaisha, migunga inaanza, halafu hata migunga inapungua. Nyuma yako Meru, mita 4,562, inaonekana imekauka tofauti na ulivyoizoea ukiwa mjini.

Uwanda huu wa majani mafupi una ndege mmoja anayewaleta watazamaji kutoka mabara mengine: kipozamataza wa Beesley, Chersomanes beesleyi. Alielezwa kisayansi mwaka 1966. Ndugu yake wa karibu anaishi kusini mwa Afrika, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa, na huyu wa kwetu hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani isipokuwa nyanda hizi za kaskazini mwa Meru. Ukimtazama haraka utamdharau. Ni mdogo, wa rangi ya udongo, mkia mfupi, mdomo mrefu kidogo uliopinda. Anasimama wima, anakimbia hatua chache, anasimama tena. Mara nyingi huwa na wenzake wawili watatu wa familia moja.

Namna ya kumpata ni hii. Kwanza simama kijijini, salimia, na omba ruhusa. Ardhi hii ni malisho ya Wamaasai, na kuna vijana wa hapo ambao kazi yao ni kuwaongoza wageni. Ulizia ada, lipa, pokea risiti kama ipo. Ukikutana na mzee, shikamoo yako iwe ya kwanza, ndege baadaye. Kijana huyo atakuokolea saa nzima, kwa sababu anajua familia za vipozamataza zilikoonekana jana. Kisha tembeeni kwa miguu mkiwa mmetawanyika kwa mstari, polepole, jua likiwa mgongoni. Msiingie mbugani na gari nje ya njia: viota vya ndege huyu viko chini, kwenye vishimo vya majani, na tairi moja linatosha kuua kizazi kizima cha mwaka huo.

Saa nne asubuhi joto likishaanza kutetemesha hewa, darubini haisaidii tena. Rudini. Njiani tazama juu ya migunga na kwenye nguzo za umeme, ambako ndege wa jamii ya tai na kozi hupumzika.

Hatua ya nne, siku ya pili: Hifadhi ya Taifa ya Arusha

Siku hii ndiyo nzito kuliko zote, usiipunguze. Kutoka Arusha pita Usa River, kisha ukunje kushoto kwenye kibao cha hifadhi hadi geti la Ngongongare. Malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa fedha taslimu: utapewa namba ya malipo, ulipe kwa simu, au utumie kadi ya benki. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiwango cha chini na kwa shilingi, kwa hiyo usisahau kitambulisho. Uwe getini linapofunguliwa. Foleni ya magari ya watalii huanza kujaa baada ya saa mbili.

Eneo la kwanza baada ya geti ni uwanda mdogo ambao wengi huuita Serengeti Ndogo, wenye nyati, pundamilia na twiga. Usikae sana. Msitu wa Ngurdoto unakungoja, na msitu ni wa asubuhi.

Ndani ya msitu zima injini, shusha vioo, nyamaza kwa dakika kumi. Hapa utatazama kwa masikio kuliko macho. Mlio mzito wa kukoroma unaozunguka bonde ni wa mbega, wale kima weusi wenye mashuka meupe mgongoni. Kishindo cha mabawa juu ya miti, kizito kiasi kwamba utadhani mtu anapepeta ungo, ni hondohondo mkubwa mwenye mashavu ya fedha, Bycanistes brevis. Turako wa Hartlaub huwika kwa sauti ya kukwaruza, na akiruka ndipo unapoona kwa nini watu humfuata: mgongo wa kijani na samawati, halafu mabawa yakifunguka, wekundu mkali kabisa. Wekundu huo unatokana na rangi yenye shaba inayopatikana kwa ndege wa jamii hii peke yao. Msubiri kwenye mkuyu wenye matunda yaliyoiva. Mti mmoja wa namna hiyo una faida kuliko kilomita tano za kuzunguka.

Panda hadi ukingo wa kreta ya Ngurdoto. Kushuka ndani hakuruhusiwi, na ni vizuri hivyo, maana chini kule wanyama wamebaki na eneo lao bila tairi wala kelele. Utatazama kutoka vituo vya ukingoni: nyati wataonekana kama nukta, na tai wakizunguka utawaona ukiwa juu yao.

Mchana nenda kwenye maziwa ya Momella. Yako saba: Momella Kubwa, Momella Ndogo, El Kekhotoito, Kusare, Rishateni, Lekandiro na Tulusia. Maelfu ya miaka iliyopita upande wa mashariki wa Mlima Meru uliporomoka, na tope na mawe yaliyotiririka yakaacha mabonde na vilima hivi unavyoviona. Maji yakajaa mabondeni. Chanzo chao ni chemchemi za chini ya ardhi, na kila ziwa lina kiwango chake cha magadi. Kwa hiyo rangi zake hutofautiana, mwani wake hutofautiana, na ndege wake vilevile. Usiseme umeyaona maziwa ya Momella ukiwa umesimama kwenye moja.

Heroe (flamingo) wadogo, wale wenye midomo myeusi-myekundu, hula mwani mdogo sana unaostawi kwenye maji ya magadi. Ziwa likibadilika, huhama. Usiwe na hasira ukikuta wiki hiyo ni wachache, badala yake wachunguze waliobaki majini. Ndege ninayekuomba umtafute kwa bidii ni bata wa maccoa, Oxyura maccoa. Dume ni kahawia iliyoiva, kichwa cheusi, mdomo wa samawati angavu, mkia mgumu ambao pengine huusimamisha. Idadi yake duniani inapungua, na Momella ni moja ya sehemu bora za kumwona Tanzania. Huzama, hupotea, huibuka mahali pengine. Weka darubini kwenye maji ya katikati, si ukingoni. Vibisi wadogo watakuchanganya, lakini wao ni wadogo zaidi na wanazama kwa ghafla. Kwenye matope ya pembeni, kama ni Februari, vitwitwi kutoka Urusi na nchi za kaskazini wanajilisha kwa ajili ya safari ndefu ya kurudi.

Kushuka kwenye gari ni mahali palipoandikwa tu. Ukitaka kutembea kwa miguu, ipo njia ya kwenda maporomoko ya Tululusia ukiwa na askari wa wanyamapori mwenye silaha. Omba na ulipie mapema. Nyati wa vichaka vya huko si wa kujaribiwa. Ndege nyuki isiyo na rubani iache nyumbani, kuirusha hifadhini bila kibali ni kosa.

Hatua ya tano, siku ya tatu: Duluti, Tengeru, kisha Moshi

Ziwa Duluti liko Tengeru, ndani ya kreta ndogo iliyozungukwa na msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Fika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, lipa kiingilio, zunguka kwa miguu. Kuna njia inayofuata ukingo. Ukitembea kwa mwendo wa kutazama ndege utatumia saa mbili au zaidi. Kwazi anaita kutoka kwenye miti mirefu, mnandi wamekaa na mabawa yaliyokunjuliwa kukauka, na mdiria wa aina zaidi ya moja wanarukia maji. Ukiwa na watoto au wazazi wasioweza kupanda miteremko, hapa ndipo mahali pao.

Kama ni Jumamosi, pita sokoni Tengeru ununue parachichi na ndizi mbivu za safari. Jirani, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, kuna makaburi ya Wapolandi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kambi ya Tengeru ilihifadhi wakimbizi wa Poland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Makaburi yametunzwa vizuri. Omba ruhusa getini, ingia kwa utulivu.

Mchana endesha hadi Moshi. Jioni, saa kumi hivi, nenda msitu wa Rau, kilomita chache tu kutoka katikati ya mji. Ni msitu unaoishi kwa maji ya chini ya ardhi yanayoteremka kutoka Kilimanjaro, ndiyo sababu umebaki kijani katika tambarare yenye joto. Humo umo mti adimu unaoitwa msoo, Oxystigma msoo. Tembea na mwongozaji wa hapo.

Hatua ya sita, siku ya nne: vihamba vya Marangu

Toka Moshi mapema hadi Himo, kunja kushoto, panda Marangu. Lami inafika hadi geti la hifadhi, lakini nakusihi usikimbilie geti. Simama Marangu Mtoni, acha gari mahali salama, ingia vijijini kwa miguu na mwenyeji.

Watu hudhani ndege wa Kilimanjaro wako juu, msituni. Wengi wako hapa, nyumbani kwa watu. Kihamba, yaani shamba la Mchaga linalozunguka nyumba yake, kimepandwa kwa ngazi: juu kabisa mruka, mringaringa na msesewe, chini yao migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na maharage. Mfongo unapita pembeni ukileta maji kutoka mlimani, na mmea wa isale unaonyesha mpaka. Kila ngazi ina ndege wake. Hondohondo wanakuja kwenye matunda ya miti ya juu. Chozi wa rangi za shaba na kijani wananing'inia kwenye maua ya migomba. Ndege mwembamba mwenye mkia mrefu wa rangi ya kutu anakamata wadudu katikati ya majani ya kahawa. Kuzumburu, na mikia yao mirefu, wanakuja kundi zima kwenye mapapai, na hapo bibi mwenye shamba atakusikia ukiwasifu.

"Shikamoo bibi. Tunaomba kusimama hapa kidogo, tunatazama ndege."

"Marahaba mwanangu. Hawa wanaonimalizia mapapai? Watazameni, mkimaliza muwaambie wahame."

Salamu ya namna hiyo hufungua shamba lote, na mara nyingi hufungua jiko pia. Ukikaribishwa mtori, kaa ule.

Niseme ninaloliona hapa, kwa sababu linaniuma. Hondohondo jike huatamia ndani ya tundu la mti mkubwa mzee. Mlango huzibwa kwa tope, ukabaki ufa mwembamba, na dume huleta chakula kupitia ufa huo kwa muda wote hadi makinda yakue. Mti mchanga hauna tundu la ukubwa huo. Mringaringa nao ni mbao nzuri yenye bei, na kila mti mzee mmoja ukiangushwa, jozi moja ya hondohondo inapoteza nyumba ambayo haijengeki tena kwa miaka mingi. Ukiwa mgeni unaweza kufanya jambo dogo lenye uzito: mlipe mwenye kihamba ada ya kutembea shambani kwake, na umwambie wazi kwamba umefuata ndege walio kwenye miti yake. Anunuliwe kahawa yake pia, iliyokaangwa na kutwangwa pale pale. Mti unaoleta wageni kila mwezi una sababu nyingine ya kuachwa usimame.

Baada ya vihamba nenda maporomoko ya Kinukamori. Ulizia kiingilio kabla ya kushuka ngazi. Juu ya mawe yenye maji mtafute ndege wa kijivu na mweupe mwenye mkia mrefu usiotulia. Hukaa kwenye mito inayokwenda kasi tu. Kama nguvu na fedha vipo, malizia siku kwenye msitu wa juu ya geti la Marangu. Hifadhi ya Kilimanjaro ilianzishwa 1973, na msitu wa chini uliingizwa ndani yake 2005, kwa hiyo kuingia msituni ni kwa malipo ya hifadhi. Turako na hondohondo wapo, na pia yule ndege mdogo wa manjano mwenye duara pana jeupe kuzunguka jicho, Zosterops eurycricotus, ambaye anaishi kwenye milima ya kaskazini mwa Tanzania tu.

Ukibaki na siku ya tano

Shuka upande wa Mwanga, kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, lililokamilika miaka ya 1960 na kulishwa na mito Kikuletwa na Ruvu. Ni pakavu na pana joto. Anza safari usiku ukiwa bado haujaisha. Mwari, korongo, yangeyange na mnandi wako kwa wingi karibu na wavuvi wa perege. Kwenye matete na migunga ya pembeni ya maji mtafute kwera wa Taveta, Ploceus castaneiceps: dume ni manjano ya dhahabu, na nyuma ya kichwa ana doa la kahawia iliyoiva. Makazi yake ni tambarare za kuzunguka mpaka huu wa Tanzania na Kenya. Wakati wa mvua dume hung'aa zaidi kwa sababu ni msimu wake wa kuzaliana.

Kila jioni, kabla ya kulala, hamisha orodha ya siku kutoka daftarini kwenda eBird: mahali, saa uliyoanza, muda uliotumia, idadi ya kila ndege. Andika hata wale wa kawaida, maana watafiti huona upungufu kwa kulinganisha ndege wa kawaida. Kiota cha kipozamataza wa Beesley usikiwekee alama ya ramani wala picha inayoonyesha mahali kilipo.

Kurudi Arusha kutoka Mwanga tenga saa tatu au zaidi. Malori yanayotoka Holili huingia barabara kuu pale Himo na kuyapita si rahisi, kwa hiyo ondoka bwawani kabla ya saa nane mchana ili giza lisikukute kati ya Boma Ng'ombe na Usa River.